Kijana Aliyekataa Naira 120

Ndugu msomaji, kabla sijakupeleka Lagos, nikupitishe kwanza nyumbani kwetu Temeke, chini ya kitanda cha mama yangu. Huko kuna sanduku la bati la marehemu babu. Babu huyu, mzaa mama, alikuwa baharia. Alizunguka Afrika yote na meli za mizigo, na alipotutoka hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha suruali mbili, redio isiyosema na santuri arobaini na ushee.

Karibu zote ni zile santuri ndogo za inchi 7, wimbo mmoja huku na mwingine kule. Ni bendi zetu za zamani na za Wakongo, nyingi zilichapwa Nairobi. Na zote zimevaa sare kama wanafunzi: bahasha ya karatasi yenye tundu katikati, na jina la kampuni. Ukitaka kujua kaimba nani, unachungulia tunduni usome lebo. Wimbo wa mapenzi, wa msiba, wa kuisifu Jamhuri, nguo ni ile ile moja.

Lakini chini kabisa kulikuwa na moja kubwa, ya inchi 12, ambayo mama alikuwa ameizungushia gazeti na kuifunga kwa kamba. Mtoto ukimfungia kitu kwa kamba umemwambia afungue. Nilikuwa darasa la tano. Nilifungua, na nilichokiona sijakisahau: mwanamke amechorwa kwa rangi, nusu uchi, uso umebabuka mabaka, makalio nayo mabaka, na kando yake tyubu ya krimu imeandikwa Soyoyo. Mama alinikuta nimekodoa macho. Kibao nilichokula siku ile mpaka leo sikio linakumbuka.

Ila kabla ya kibao nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Kiingereza cha pale sikukijua. Nigeria niliijua kwa sababu ya mpira tu. Lakini uso ule niliujua, maana nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na dada mwenye uso ule ule, mashavu mekundu kama nyanya na vidole vyeusi kwenye maungio. Kwetu tunaita mkorogo. Jalada lile lilivuka bara zima, likakaa chini ya kitanda miaka na miaka, halafu likasema na mtoto wa darasa la tano bila mkalimani. Tangu siku hiyo nilitaka kujua ni nani aliyelichora.

Santuri yenyewe ni *Yellow Fever* ya Fela Anikulapo-Kuti, ya mwaka 1976. Fela wengi mnamjua. Mchoraji anaitwa Ghariokwu Lemi, au Lemi Ghariokwu kama wanavyomwandika siku hizi. Alizaliwa Lagos mwaka 1955. Piga hesabu mwenyewe: wakati anachora yule mama wa mabaka alikuwa kijana wa miaka ishirini. Chuo cha sanaa hakusoma. Alijifundisha mwenyewe, kwa mkono wake na macho yake.

Nasimama hapo kidogo, kwa sababu nina mshikaji wangu mmoja ambaye bila yeye nisingeiandika habari hii. Tulimaliza kidato cha nne pamoja, matokeo yetu mimi na yeye tuyaache yalale. Mimi nikaingia kwenye kuandika riwaya ambayo mpaka leo iko kwenye madaftari manne. Yeye akaingia kwenye kuchora. Anajua, nakwambia. Anachora mkono wa mtu mpaka unaona mishipa. Basi kundi moja la muziki, jina tuliache, likamwita lichorewe jalada la albamu. Akakesha wiki mbili na karatasi ya manila na rangi za maji. Kiongozi wa kundi akaja: hapa punguza kitambi, hapa weka gari, hapa sipo mbele ya kutosha. Akarekebisha. Mwishowe jalada likatoka limebandikwa picha ya gari la kizungu lililopigwa sijui wapi, mchoro wake umekatwa nusu, jina lake limefutwa. Malipo? Soda baridi na ahadi. "Tutakutangaza, mwanangu." Leo jamaa anaendesha bodaboda.

Siku niliyompa kisa cha Lemi pale kijiweni alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja, nami nikakosa la kujibu. Nitalileta. Kwanza kisa chenyewe.

Mwaka 1974 Lemi alikuwa kijana wa mtaani tu kama sisi. Alikuwa amechora picha kubwa ya Bruce Lee, wakati ule ulimwengu mzima umepagawa na filamu ya *Enter the Dragon*, na picha ikatundikwa kwenye baa moja. Mwandishi wa habari, Babatunde Harrison, akaingia kunywa zake, akaiona. Akauliza nani kachora. (Waandishi chipukizi mnaosoma hapa, angalieni: bahati ya huyu kijana ilimkuta kazi ikiwa tayari imetundikwa ukutani, haikuwa daftarini chini ya godoro. Najisema mwenyewe.) Harrison alikuwa anajuana na Fela. Akamtaka kijana achore sura ya Fela, na alipomaliza akamchukua yeye na picha yake mpaka nyumbani kwa mwenyewe.

Fela alipoiona alishangaa kwa sauti, kwa namna yake ya kutukana anapofurahi. Akatoa kitabu cha hundi, akaandika naira 120. Enzi hizo jalada la santuri Lagos lilikuwa likilipwa kama naira 30. Yaani kijana wa miaka 18, ambaye hata jalada hakuchora, amechora sura tu, anapewa bei ya majalada manne kwa mpigo.

Akaikataa.

Alisema ile picha ameitoa moyoni, hauzi. Fela akashangaa mara ya pili, nadhani kuliko ya kwanza, akachukua karatasi akamwandikia cheti: mwenye cheti hiki aingie bure kwenye maonyesho yangu yote.

Miezi ikapita. Mwaka huo wa 1974 Fela na polisi walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mwezi Aprili walimkamata kwa ajili ya bangi, wakamweka rumande Alagbon Close, kwenye makao ya polisi wa upelelezi mtaa wa Ikoyi. Seli aliyokaa wafungwa walikuwa wameibatiza Kalakuta. Alipotoka akalichukua jina hilo akalipa nyumba yake, Jamhuri ya Kalakuta. Tarehe 23 Novemba wakarudi, wakampiga mpaka akalazwa hospitali. Akiwa bado na majeraha akamwita yule kijana wa cheti: nina wimbo unaitwa *Alagbon Close*, nichoree jalada.

Msomaji, ukibahatika kuliona jalada hilo usiliangalie haraka. Upande mmoja jela ya Alagbon. Upande mwingine nyumba ya Kalakuta, imesimama imara. Katikati Fela, anacheza, mnyororo umekatika mkononi. Na kwenye maji boti ya doria ya polisi inapinduliwa na nyangumi. Nyangumi! Nani alimwambia aweke nyangumi? Hakuna aliyemwambia. Hapo ndipo kijana alipoonyesha ana kichwa chake. Mtu aliyemchora ametoka hospitali kwa kipigo, yeye amemchora anacheza. Bahari nayo ameiandikisha jeshini iwe upande wa mnyonge. Hakuchora kilichotokea, alichora kilichotakiwa kutokea, na watu wa Lagos walielewa vile vile nilivyoelewa mimi chini ya kitanda.

Huo ukawa mtindo wao. Fela alikuwa na desturi ya kupiga wimbo mpya jukwaani, pale klabuni kwake Shrine, muda mrefu kabla ya kuurekodi. Lemi na cheti chake alikuwa pale, anasikiliza wimbo unavyoiva. Baadaye anakwenda kuchora anavyoona yeye, analeta kazi imekwisha. Baadhi ya majalada aliandika hata maneno yake nyuma, maoni yake kuhusu wimbo, kijana wa miaka ishirini na kitu anatoa hoja kwenye santuri ya mtu mzima mwenye jina! Na jina lake likawekwa. Mwaka 1976 ulipoanzishwa umoja wa vijana waliomzunguka Fela, Young African Pioneers, naye alikuwa ndani.

Kuna jambo la kiufundi linalosaidia kuelewa kwa nini majalada yale yamejaa vitu kama duka la Mpemba. Wimbo wa Fela haukuwa wa dakika tatu. Mara nyingi wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa santuri, robo saa na zaidi, na sauti ya kuimba inachelewa mpaka ala zimeshakuchosha au zimeshakupandisha. Sasa mtu kaketi na gramafoni yake, mikononi ana kadi ya mraba ya sentimita 31 kila upande, afanye nini robo saa nzima? Anaangalia. Anatafuta. Kila mara anaona kitu kipya pembeni. Mchoraji alipewa nafasi na alipewa muda wa kutazamwa, vitu viwili ambavyo mchoraji wa kanda hakuwahi kuvipata. Kijalada cha kanda kinaenea kiganjani. Na mchoraji wa leo, ambaye jalada lake linaonekana simuni likiwa dogo kama stempu, ndiyo kabisa. Zile bahasha za babu zenye tundu ndiyo nazielewa sasa. Wimbo wa dakika tatu kila upande, unageuza, umekwisha. Picha ungeitazama saa ngapi?

Mwaka 1976 ndio mwaka wao mkubwa. *Ikoyi Blindness* ilitoka na kitu ambacho mimi kama mtu wa maandishi kinanifurahisha kuliko michoro mingi: jina la Ransome limekatwa kwa msalaba, pembeni limeandikwa Anikulapo, yaani mwenye kifo mfukoni mwake. Mtu anabadili jina lake la ukoo hadharani, kwenye bidhaa inayouzwa dukani, kama mwalimu anavyosahihisha insha. Hiyo nayo ni historia, tena imeandikwa kwa kalamu ya mchoraji.

*Yellow Fever* ni ya mwaka huo huo. Hapa niseme ukweli, jalada hili silipendi tena kwa asilimia mia. Nilipokua nilimwonyesha mama, safari hii kwa adabu, nikamweleza maana yake na kwamba ni sanaa. Akaliangalia muda mrefu. Akasema, "Sawa baba, wamemchora aliyejipaka. Aliyetengeneza dawa yuko wapi?" Tyubu ipo, nikamjibu. "Tyubu naiona. Nauliza mwenye kiwanda." Nimelitafuta jibu mpaka leo. Mwanamume ameimba, mwanamume amechora, na mwanamke ndiye aliyesimama nusu uchi mbele ya Afrika nzima akichekwa makalio. Fela na wanawake ni habari ndefu, alioa 27 kwa siku moja mwaka 1978, hiyo ataandika mwingine. Nachosema ni kwamba brashi iliyoweza kuchora nyangumi anapindua boti ya polisi ingeweza kumchora na tajiri wa krimu.

Halafu *Zombie*, wimbo unaowacheka wanajeshi kwamba wao wakiambiwa geuka wanageuka, bila kuuliza. Hili ndilo jalada linalojulikana kuliko yote, vijana wamelivaa hata kwenye fulana. Lemi alilitengeneza kwa kukata na kubandika picha za wanajeshi zilizopigwa na Tunde Kuboye. Kazi kali, sikatai. Ila mimi nampenda Lemi wa brashi. Kwenye *Zombie* ule mkono wake siuoni.

Wanajeshi lakini waliuona. Kuanzia Januari mpaka Februari 1977 Lagos ilikuwa na tamasha kubwa la FESTAC, wasanii wa watu weusi wamefika kutoka dunia nzima. Fela alisusa, akawa anapiga zake Shrine, na wageni wakawa wanamfuata huko. Tamasha lilikwisha tarehe 12 Februari. Wageni wakapanda ndege. Tarehe 18, siku sita tu, askari wapatao 1000 waliizingira Kalakuta, wakapiga watu, wakaichoma nyumba moto. Mama yake Fela, Funmilayo Ransome-Kuti, mwanamke aliyepigania haki za wanawake wa Nigeria tangu enzi ya Mwingereza, walimtupa nje kupitia dirishani. Alifariki mwaka uliofuata, Aprili 1978, kutokana na majeraha yale.

Sasa chukua tena jalada la *Alagbon Close* ulitazame. Ile nyumba iliyosimama imara, yenye ukuta na paa lake, kijana aliichora 1974. Miaka miwili na miezi kadhaa baadaye ikawa majivu. Kwenye jalada bado imesimama.

Baada ya moto ndipo na wao wawili wakaungua. Fela alitoa *Sorrow Tears and Blood* mwaka 1977. Lemi alichora jalada kama alivyozoea, kwa jinsi alivyoona yeye. Fela hakulipenda. Nimejiuliza sana juu ya ugomvi huu. Fela alikuwa ametoka kuvunjwa mifupa, mama yake ameumizwa, nyumba haipo. Mtu wa namna hiyo anataka picha ilie kama anavyolia yeye. Na kijana alikuwa amezoea miaka mitatu ya kuleta kazi imekwisha bila kuambiwa hapa ongeza hapa punguza. Siwezi kusema nani alikosa. Najua tu kwamba Lemi hakubaki kurekebisha kitambi na kuongeza gari. Waliachana. Fela akaendelea na wachoraji wengine, Lemi akaendelea na wanamuziki wengine, na hao wengine ni wengi kweli: majalada yake kwa jumla huhesabiwa kuwa zaidi ya 2000.

Walirudiana katikati ya miaka ya 1980. Fela alikuwa amefungwa tena, mwaka 1984, safari hii kwa kesi ya fedha za kigeni chini ya serikali ya kijeshi ya Buhari, akatoka 1986. Na mwaka 1989 ikaja *Beasts of No Nation*. Botha wa Makaburu alikuwa ametamka kwamba vurugu za Waafrika zitamfanya aonyeshe unyama wake, basi Fela akaushika huo unyama na kuupigia ngoma. Lemi akamchora Botha, Reagan na Thatcher wameota pembe. Kijana sasa ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, na brashi ni ile ile, imejaa watu na vituko kila kona. Kwa jumla alimchorea Fela majalada 26. Fela alifariki tarehe 2 Agosti 1997. Mwaka 2003 jumba la makumbusho la New Museum huko New York likafanya maonyesho juu ya Fela, na kazi za Lemi zikatundikwa ukutani humo, mbali kabisa na ile baa ya Bruce Lee.

Hicho ndicho kisa nilichompa mshikaji wangu. Akanisikiliza akiwa amekaa juu ya pikipiki, kofia ngumu pajani. Nilipofika mwisho akaniuliza:

"Huyo Lemi alipokataa naira 120, kwao walikula nini siku hiyo?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kuzungumza habari za moyo na sanaa, akanikatiza. Akasema yeye pia kafanya bure, wiki mbili, na hakuna jumba la makumbusho lililomwita. Akasema visa kama hivi ndivyo vinavyowafanya viongozi wa makundi wawape watu soda.

Niliumia, maana alikuwa anasema kweli, nikakaa siku kadhaa nalitafuna. Halafu nikamrudia. Nikamwambia, kaka, tazama vizuri alichokataa. Ile hundi ilikuwa bei ya sura ya mtu. Angeichukua angekuwa ameuza sura, ahsante, kwaheri, mlango ule pale. Alichopewa badala yake ni cheti cha kuingia ndani, akakaa karibu na muziki miaka mitatu, akasema anachotaka na jina lake likaandikwa. Siku alipoambiwa sivyo, akaondoka. Wewe hela hawakukupa, cheti hawakukupa, jina wamelifuta, na kitambi umepunguza.

"Kwa hiyo kosa ni langu," akasema.

Sikusema hivyo, nikamwambia. Akakaa kimya. Abiria akaja, akampeleka Mbagala, akarudi. Akaniambia nimletee hilo jalada la babu alione kwa macho yake, habari za simuni hazimtoshi.

Nikamletea jioni. Alipanguza mikono kwenye suruali kabla hajalishika. Ajabu, kile kifua na yale makalio hakuviangalia hata kidogo. Alilisogeza karibu na taa ya pikipiki akawa anafuatilia mpaka kati ya rangi na rangi, pale ngozi nyeusi inapogeuka kuwa baka, anasema peke yake, hapa kaanza na nyeusi, hapa karudia, hapa rangi ilikuwa bado mbichi. Akageuza nyuma. Akauliza jina linasomekaje, Gha-ri-o-kwu. Kisha akaomba alilale nalo usiku mmoja.

Ni mwezi wa pili sasa. Jalada bado liko kwake. Santuri ninayo mimi, uchi, nimeizungushia gazeti nikaifunga kwa kamba, na mama hajaniuliza.